Kabla ya Kamera Mpya, Nunua Lenzi Isiyovuta

Durban, mwezi wa Juni, jua huzama mnamo saa 11 na dakika tano jioni. Kwa aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa, ambako mwaka mzima jua halizami kabla ya saa 12, hilo ni badiliko kubwa kuliko baridi yenyewe. Anayetoka kazini saa 11 katikati ya jiji hufika nyumbani gizani, na siku tano za wiki karibu kila kitu anachotamani kukipiga picha hutokea chini ya taa: mtoto anaandika kazi ya shule mezani, mama anasukuma chapati, wageni wamejaa sebuleni, jirani wa Kizulu amekuja kutoa pole. Ndiyo maana watu wengi wenye kamera, Waafrika Mashariki waishio Sauzi wakiwamo, hulalamika kwamba picha zao za mchana ufukweni ni nzuri na za nyumbani ni mbovu. Wakifika dukani huambiwa kamera yao imezeeka. Mimi nasema katika hali nyingi kamera haina kosa. Kosa ni la lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, na dawa yake ni lenzi moja ya bei nafuu isiyovuta, yaani ile yenye umbali mmoja tu, ambayo ukitaka mtu aonekane mkubwa zaidi inakubidi umsogelee.

Tuanze na hesabu, kwa sababu jambo hili halihitaji imani. Lenzi ya kuvuta iliyouzwa pamoja na kamera nyingi za bei ya kati huandikwa 18-55mm, yaani umbali wake, na pembeni yake f/3.5-5.6. Tarakimu hizo za pili ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga, na kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Ukiivuta lenzi hiyo hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya 50mm isiyovuta, ile ya bei ya chini kabisa ambayo karibu kila kampuni inaitengeneza, hufunguka hadi f/1.8. Tofauti hiyo maana yake ni mwanga wa karibu mara 10. Sebule ileile, taa ileile, kamera ileile: mahali ambapo lenzi isiyovuta inaruhusu shata ya sehemu 1 ya 125 ya sekunde, inayotosha kumshika mtoto anayegeuza kichwa, ile ya kuvuta itataka sehemu 1 ya 13, na picha itakuwa imecheza. Au uiache shata ilivyo na upandishe ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, kutoka 640 hadi zaidi ya 6000, upate picha yenye chenga. Hakuna kamera mpya ya bei ya kawaida inayokupa mwanga mara 10 kuliko ya zamani. Lenzi inakupa.

Bei nayo inaunga mkono hoja hii. Canon walipotoa 50mm f/1.8 yao ya STM mwaka 2015 waliiuza dola 125 za Marekani. Ina uzito wa gramu 160 hivi na vioo sita tu ndani. Miaka mitatu kabla, kampuni hiyohiyo ilitoa 24-70mm f/2.8, lenzi ya kuvuta ya daraja la juu, yenye vioo 18 na uzito wa gramu 805, kwa bei ya kuanzia ya dola 2,300. Hata hiyo, pamoja na fedha zote hizo, haifunguki kufikia f/1.8. Kuvuta kuna gharama. Kila kioo kinachoongezwa ili lenzi iweze kusogeza picha bila kuharibu makali yake kinalipiwa kwa fedha, kwa uzito au kwa mwanga, na mwenye fedha kidogo huishia kulipa kwa mwanga. Kwa familia inayotuma sehemu ya mshahara nyumbani kila mwezi, hiyo si tofauti ya kupuuzwa.

Kuna sababu nyingine ambayo magazeti ya picha ya Ulaya huipitia haraka, nasi hatupaswi kuipitia haraka. Chenga hujitokeza kwanza penye giza la picha. Katika sebule yenye taa moja, ngozi nyeusi ndiyo inayoangukia sehemu hiyo ya giza: shavu lililo upande usio na taa, shingo, mkono uliokunjwa. Kamera inapokosa mwanga hupoteza kwanza maelezo ya ngozi hiyo, halafu programu yake hujaribu kuyaokoa kwa kusugua chenga, na uso wa bibi mwenye mikunjo 70 ya heshima unatoka laini kama sahani. Tatizo hili lina historia. Kwa miongo mingi Kodak iliyapelekea maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikajulikana kwa jina la Shirley, na filamu zikasahihishwa kwa kufuata ngozi yake. Filamu zimepita, lakini uhaba wa mwanga kwenye nyuso zetu haujapita. Mpiga picha Zanele Muholi, aliyezaliwa Umlazi, kusini mwa Durban, mwaka 1972, ameonyesha katika Somnyama Ngonyama, mfululizo wa picha alizojipiga mwenyewe, jinsi ngozi nyeusi inavyoweza kubeba picha nzima pale mpiga picha anapoijali. Nyumbani hatuna studio wala msaidizi wa taa. Tundu kubwa la lenzi ndilo msaada wa kwanza tunaoumudu.

Wapo watakaosema lenzi isiyovuta ni kurudi nyuma, ni chombo cha enzi za babu. Kwa kweli ni chombo cha enzi hizo, na kazi iliyofanywa nacho haijazidiwa. Lenzi ya kwanza ya kuvuta kwa kamera za picha za filamu ya 35mm, Zoomar ya Voigtländer, ilitoka mwaka 1959. Kabla ya hapo picha zote za magazeti tunazozienzi zilipigwa na watu waliokuwa na umbali mmoja kwenye lenzi na miguu yao miwili. Mpiga picha Peter Magubane, aliyefariki Januari 1 mwaka 2024, alikwenda Zeerust kupiga picha za kesi ya wanawake waliopinga vitambulisho vya pasi, mahali ambapo wanahabari walikatazwa. Aliificha Leica yake ndani ya nusu ya mkate aliouchimba katikati, akawa anajifanya anakula huku akipiga. Kamera inayoingia ndani ya mkate ni kamera yenye lenzi ndogo. Rolleiflex, iliyokuwa mikononi mwa wapiga picha wengi wa magazeti ya miaka ya 1950, haikuruhusu hata kubadilisha lenzi. Studio ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 iliwapiga watu wa visiwani kwa kizazi kizima kabla kuvuta hakujawa jambo la kawaida.

Na Durban yenyewe ina shule yake ya picha za karibu. Ranjith Kally, aliyezaliwa Isipingo mwaka 1925 na kufanyia kazi jarida la Drum, aliwapiga picha Chifu Albert Luthuli, wacheza dansi na familia za wafanyakazi wa Kihindi. Omar Badsha, aliyezaliwa jijini hapa mwaka 1945 na kujifunza upigaji picha mwenyewe, alitoa kitabu cha Letter to Farzanah mwaka 1979, na serikali ya ubaguzi ikakipiga marufuku. Mwaka 1982 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa umoja wa wapiga picha wa Afrapix. Mwaka 1985 akatoa Imijondolo, kuhusu maisha ya Inanda, na mwaka 2001 Imperial Ghetto, kuhusu mtaa wa Grey Street, ambao leo unaitwa Dr Yusuf Dadoo Street, ulipo msikiti wa Juma. Mtu akizitazama picha za Badsha anaona jambo moja mara moja: mpiga picha yumo chumbani. Kitanda kipo karibu, mwenye nyumba anamjua, mlango uko nyuma yake. Picha hizo hazikuvutwa kutoka ng'ambo ya barabara. Simaanishi kwamba lenzi humfanya mtu awe Badsha. Nasema tu kwamba ukaribu ndio tabia ya picha za aina hii, na lenzi isiyovuta humsukuma mtu kwenye ukaribu huo, wakati ya kuvuta humruhusu abaki alipo.

Ukaribu huo una adabu yake pia. Anayepiga picha kwenye masoko ya Warwick Junction, kwa wauza dawa za asili au wapika vichwa vya ng'ombe, hawezi kusimama hatua mbili mbele ya mtu na kujifanya hayupo. Lazima asalimie, aseme sawubona, aombe, akikataliwa aondoke. Mwenye lenzi ya kuvuta anaweza kuiba sura ya mchuuzi akiwa juu ya daraja la waenda kwa miguu, na wapo wanaofanya hivyo. Naiona hiyo kuwa tabia mbaya, na sioni aibu kuipendekeza lenzi inayoifanya iwe ngumu.

Hadi hapa nimesema nunua. Sasa naachana na ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba lenzi ya kwanza iwe 50mm. Ushauri huo ulianzia kwenye kamera za filamu ya 35mm. Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925 ilikuwa na lenzi ya 50mm, na Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa umbali huohuo. Lakini kamera nyingi zilizo mikononi mwa watu wa kawaida leo zina kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kilicho kidogo kuliko fremu ya filamu ile. Kwenye kihisi hicho 50mm hubana picha na kufanya kazi kama 75 au 80mm. Pima mwenyewe: ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, 50mm kwenye kihisi kidogo cha Canon inachukua upana wa mita 1 na sentimita 34 tu. Hao ni watu wawili waliobanana. Katika fleti za South Beach au Albert Park, ambako sebule nyingi hazifiki mita 4, utajikuta umegandamana na ukuta na bado shemeji amekatwa bega. Lenzi hiyo inafaa sana kwa uso wa mtu mmoja. Kwa maisha ya ndani ya nyumba inachosha, na wengi walioinunua wameirudisha kabatini, wakaamini kwamba lenzi zote zisizovuta ni mzigo.

Kwa kihisi kidogo umbali wa busara ni karibu na 35mm, au 28, au hata 24 kwa wenye vyumba vidogo. Nikon walitoa 35mm f/1.8 ya DX mwaka 2009, yenye gramu 200. Kwa mita 3 inachukua upana wa mita 2, na ikilinganishwa na lenzi ya boksi iliyowekwa kwenye 35mm inapitisha mwanga wa karibu mara 6. Kwa wenye Canon uamuzi ni mgumu kidogo: 24mm f/2.8 ya mwaka 2014, nyembamba kama kizibo na yenye gramu 125, inachukua karibu mita 2 na sentimita 80 kwa mita 3 zilezile, lakini inaongeza mwanga mara 2 tu juu ya ile ya boksi. Hapo mtu anachagua kati ya nafasi na mwanga. Mimi kwa nyumba ndogo ningechagua nafasi, kwa sababu mtu aliyeachwa nje ya picha hawezi kurudishwa na programu yoyote. Mwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kinacholingana na fremu ya filamu ya 35mm, hana mtihani huu. Yeye achukue 50mm ya bei nafuu, atapata mita 2 na zaidi, na mwanga wote.

Na kuna njia ya kujua umbali wako bila kumuuliza mtu. Kila picha ya kidijitali hubeba ndani yake kumbukumbu ya umbali wa lenzi, tundu na kasi ya shata. Fungua picha za mwaka uliopita kwenye kompyuta, chagua zile ulizozipenda kiasi cha kuzituma kwa ndugu, usome tarakimu zake. Ikiwa nyingi ni kati ya 18 na 35, umejibiwa. Ikiwa nyingi zimegota kwenye 55, yaani uliivuta lenzi hadi mwisho na bado ulitaka zaidi, basi 35mm itakukera, na huenda 50mm ikakufaa. Ikiwa zimetawanyika kila mahali, chukua kipande cha selotepu, funga pete ya kuvuta kwenye 35, na uishi hivyo kwa wiki mbili kabla ya kutoa hata randi moja. Selotepu haitakuonyesha uzuri wa mwanga, lakini itakuonyesha kama unaweza kuishi bila kuvuta, na hilo ndilo swali.

Pingamizi kubwa ni kwamba miguu haiwezi kuwa mbadala wa kuvuta. Ni kweli, na wanaosema inaweza wanapotosha. Huwezi kutembea hadi kwenye wimbi alipo mteleza-mawimbi pale Golden Mile. Huwezi kuingia uwanjani Moses Mabhida. Kwenye mbio za farasi za Durban July, zinazofanyika Greyville tangu mwaka 1897, farasi hawangoji usogee. Comrades, mbio za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg zilizoanza mwaka 1921, hupita mbele yako kwa sekunde chache, na ndugu yako akishapita amepita. Mzazi ambaye picha zake zote ni za mwanawe akicheza mpira, au anayehifadhi fedha aende kuona wanyama Hluhluwe, asinunue lenzi isiyovuta kwanza. Wala asinunue hiyo pekee mtu anayelipwa kupiga harusi. Bwana harusi hatarudia kuingia ukumbini kwa sababu mpiga picha alikuwa anasogea. Lakini ona ni nini kilicho ndani ya orodha hiyo: michezo, wanyama, sherehe za kulipwa. Hakuna hata kimoja kilicho cha kila siku. Picha za kila siku ziko ndani ya mita 4, na ndani ya mita 4 hatua moja mbele au nyuma inabadilisha fremu kuliko mtu anavyodhani. Na lenzi ya boksi haitupwi. Siku ya Comrades ipo.

Pingamizi la pili ni simu. Kwa nini ubebe kamera wakati simu iko mfukoni? Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitambui: kamera kuu ya simu ni lenzi isiyovuta. Kwa kipimo cha fremu kamili nyingi zina umbali wa kati ya 24 na 28mm, na ukitanua picha kwa vidole viwili, mara nyingi simu hukata katikati ya picha na kuikuza. Mamilioni ya watu, basi, tayari wanapiga kwa umbali mmoja kila siku na hawajalalamika kwamba hawawezi kuvuta. Simu inashindwa kwingine. Kihisi chake ni kidogo mno, na gizani hujiokoa kwa kupiga fremu kadhaa mfululizo na kuziunganisha. Kitu kilichotulia hutoka vizuri, mtoto anayekimbia hutoka na mikono mitatu. Ile hali ya kufifisha mandhari ya nyuma hukisia mwisho wa kichwa, na mara nyingi hukisia vibaya kwenye nywele za kipilipili, rasta au ncha ya ushungi. Lenzi yenye tundu kubwa haikisii. Hata hivyo, asiye na kamera ya kubadilisha lenzi, na ambaye picha zake huishia WhatsApp, asinunue kamera na lenzi kwa sababu ya makala haya. Simu yake inamtosha. Nazungumza na yule ambaye kamera yake ipo kabatini na anafikiria kuiuza ili anunue kubwa zaidi.

Huyo ataniambia kwamba kamera za siku hizi zinastahimili ISO kubwa na programu za akili mnemba zinafuta chenga zote. Sehemu ya hoja hiyo ni sahihi. Kamera za leo ni bora kuliko za miaka 10 iliyopita. Lakini programu inayofuta chenga inajaza mahali palipokosa habari kwa kubahatisha jinsi ngozi inavyopaswa kuwa, na nimeshaeleza ngozi ya nani inaumia zaidi. Tena, bei ya kamera hiyo mpya ni mara kadhaa ya bei ya lenzi, na ikinunuliwa na lenzi ileile ya f/5.6 kwenye boksi, mwenye nayo amelipia nguvu za kupambana na giza alilojiletea mwenyewe.

Kuna onyo moja la matumizi ambalo wauzaji hawalisemi. Tundu kubwa hupunguza kina cha sehemu iliyo wazi kwenye picha. Kwa 50mm iliyofunguliwa f/1.8, kwenye kihisi kidogo, mtu akiwa mita 1 na nusu kutoka kwako, kina hicho ni takriban sentimita 6. Jicho likiwa kali, sikio limefifia. Weka familia katika mistari miwili na upige hivyo, mstari wa nyuma wote utakuwa ukungu, na walio nyuma kwa kawaida ni wazee waliosimama. Funga tundu hadi f/4, rudi nyuma mita 4, na kina kinafika karibu mita nzima. Tundu kubwa ni la mtu mmoja au wawili, na la usiku. Anayelifungua muda wote kwa sababu amelilipia atachukia lenzi yake bure.

Mwisho wa hoja za vitendo ni hewa ya mwambao. Durban ina joto, chumvi na unyevu, sawa na Tanga, Zanzibar na Lamu, na adui wa lenzi katika miji hii yote ni kuvu. Huota ndani ya vioo vinavyohifadhiwa gizani penye unyevu, hasa ndani ya mkoba wa ngozi kabatini. Lenzi ya kuvuta inayorefuka huvuta hewa ndani kila inapotoka na kurudi, na ina vioo vingi vya kushambuliwa. Isiyovuta haina kinga kamili, ila ina nafasi chache za kuharibika, na ikikaa muda wote kwenye kamera hulazimiki kuifungua kamera ufukweni penye mchanga. Ihifadhi kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Ukinunua iliyotumika, na kwa lenzi hizi iliyotumika ni chaguo zuri, fungua tundu lote, washa tochi ya simu kwa nyuma, na utazame kwa upande wa mbele. Nyuzinyuzi nyeupe zinazotawanyika kutoka ukingoni ni kuvu, mrudishie mwenyewe. Vumbi la punje mbili tatu halina neno. Mwenye Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 awe makini zaidi: kamera hizo hazina mota ya kulenga ndani, hivyo 50mm f/1.8D ya zamani, ambayo huuzwa rahisi sana, haitalenga yenyewe. Ile yenye maandishi AF-S inalenga.

Niongeze jambo kuhusu usalama, maana nalijua litaulizwa. Katikati ya Durban kuna wanyakuzi, na kamera ni kishawishi. Lenzi ndogo haimzuii mwizi, lakini kamera inayoingia kwenye mfuko wa koti au mkoba wa sokoni haitangazwi kama ile yenye mtungi wa gramu 800 kifuani. Kwa mwenye hofu zaidi, hiyo nayo ni sababu ya kupiga nyumbani, na nyumbani ndiko lenzi hii inakofanya kazi yake bora.

Nyumbani ndiko ninakotaka tukutazame kwa uzito. Mwaka 1873 meli za Uingereza zilianza kuwashusha Port Natal watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa na kupitishwa Zanzibar, wengi wao wakiwa Wamakua. Wakaitwa Wazanzibari, wakaishi Kings Rest kwenye eneo la Bluff, wakashika dini na lugha yao kwa vizazi, mpaka sheria ya kugawa maeneo kwa rangi ilipowaondoa na kuwapeleka Chatsworth katika miaka ya 1960. Jamii iliyohamishwa hivyo haiwezi tena kuingia kwenye vyumba vyake vya zamani. Kinachoweza kuonyeshwa kwa wajukuu ni kile ambacho mtu alikipiga picha akiwa ndani: meza, kitanda, mswala, sura ya anayepika. Wahamiaji wa leo kutoka Kigoma, Mombasa au Bukavu wanaoishi Durban kwa mikataba ya kupanga nao huhama kila mara. Picha za ufukweni zinapatikana kwa kila mtu, tena za bure. Za ndani ya chumba chako hakuna mwingine atakayezipiga.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama una kamera ya kubadilisha lenzi na unapiga watu wako zaidi ya unavyopiga michezo, nunua lenzi isiyovuta yenye umbali ambao picha zako mwenyewe zimekuonyesha, usinunue kamera nyingine mwaka huu, na usikubali kuuziwa 50mm kwa sababu tu ndiyo iliyo rafuni. Nenda dukani na kamera yako na kadi yako ya kumbukumbu. Omba kuifunga lenzi, simama mita 3 kutoka kwa mliyeandamana naye, piga picha tatu mbali na dirisha, kisha upige nyingine tatu kwa ile ya boksi. Zitazame zote nyumbani kwenye kioo kikubwa kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa kukuruhusu ujaribu, nenda duka jingine.